Neno "bila kikomo" liandikwe pamoja na kikomo chake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu intaneti ya nyumbani, maana hapa Newala si mimi peke yangu niliyeacha kulipia king'amuzi.

Mimi ni mshonaji. Januari nilifungua ukurasa wa nyuma wa daftari la vipimo vya wateja nikaandika fedha zinazotoka kila mwezi. King'amuzi sh. 28,000. Bando la simu yangu na la mwanangu aliye kidato cha tatu, sh. 1,000 kwa siku kila moja, kwa siku 30 ni sh. 60,000. Jumla sh. 88,000. Ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumba nzima, ilikuwa inatangazwa kwa sh. 70,000 kwa mwezi, bila kikomo. Watu wa huku hushona msimu wa korosho. Kuanzia Februari cherehani yangu hupumzika zaidi kuliko inavyofanya kazi, kwa hiyo sh. 18,000 ambazo zingebaki nilikuwa nimeshazipangia matumizi. Mume wangu alikubali. Mpira, akasema, ataufuata kibanda umiza.

Nilinunua ruta Mtwara mjini nilipofuata vitambaa. Nilimuuliza kijana wa dukani mara mbili kama kweli haina kikomo. "Mama yangu, hii tazama mpaka uchoke."

Nyumba yetu iko ukingoni, upande unaoshuka bonde la Ruvuma, na kuna siku simu hushika mtandao wa Msumbiji. Sebuleni taa ya ruta ilibaki nyekundu. Tulizunguka nayo chumba hadi chumba, mwisho tukaifunga kwa ukanda wa kitenge kwenye nondo za dirisha la watoto, linalotazama mnara. Ikawaka kijani. Anayetaka kununua aazime kwanza laini ya mtandao wa ruta anayoitaka, aiweke kwenye simu, ajaribu nyumbani kwake saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko hewani. Mchana mnara hauna watu wengi na utakudanganya.

Siku 11 tulifurahi. Taarifa ya habari tuliipata, tamthilia tuliziona. Siku ya 12 mwanangu anafungua kitabu cha fizikia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kile kiduara kikazunguka hadi mtoto akasinzia juu ya daftari. Nilipiga simu huduma kwa wateja. "Mama, umefikia kikomo cha matumizi ya haki, yaani GB 100. Spidi yako sasa ni Mbps 1 mpaka mwezi uishe." Nikauliza haya yameandikwa wapi. Yalikuwa nyuma ya karatasi iliyokuja ndani ya boksi, kwa Kiingereza. Mimi hutunga uzi kwenye sindano bila miwani, lakini herufi zile nilitoka nazo juani ndipo nikaziona.

Baadaye mwanangu alinipigia hesabu. Video ya picha kali kwenye runinga inaweza kula hata GB 3 kwa saa. Sisi tulikuwa tunatazama saa tatu kila siku, yaani GB 9, na kwa siku 11 ni GB 99. Kwa hiyo hakuna aliyetuibia. Tumeshusha ubora wa picha hadi 480, sura za watu bado zinaonekana vizuri, na mwezi uliopita tulifika tarehe 28 kabla spidi haijashuka. Ningeambiwa hivyo dukani ningenunua vilevile, na mtoto asingepoteza zaidi ya wiki mbili za kusoma karibu na mitihani.

Mei 2024 mikongo ya baharini inayotuletea intaneti ilipopata hitilafu na intaneti ikasumbua nchini, hatukumlaumu mtu, bahari ni bahari. Hili la kwangu lilijulikana tangu siku ile karatasi inachapwa.

Bando la simu likifika asilimia 75 hunitumia ujumbe, na likiisha hunitumia tena, kwa sababu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka watoa huduma wafanye hivyo. Ruta haikunitumia chochote. Naiomba TCRA iangalie na huduma za nyumbani: ujumbe uje kwenye namba ya mwenye ruta kabla spidi haijashushwa. Na kwenye boksi, kwa Kiswahili, herufi kubwa kama za bei, yaandikwe mambo mawili: kikomo ni GB ngapi, na baada ya hapo spidi itakuwa ngapi. Karatasi yangu ninayo bado, nimeibana kwenye daftari la vipimo, na kila mteja anayeniuliza kuhusu ruta namfunulia upande wa nyuma.

Mshonaji,
Newala, Mtwara