Kabla hamjamwita kijana mwizi, angalieni logi vizuri

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mi nafanya kazi kwenye ofisi moja ya wanunuzi wa dagaa hapa Kirumba, karibu na Mwaloni. Risiti za mzigo zinajazwa kwenye Excel, alafu usiku faili la Ukerewe likishafika (halina saa maalum, inategemea mtandao) kuna skripti (programu ndogo ya kujiendesha yenyewe) inazihamishia kwenye programu ya mahesabu, yaani yenyewe inasogeza mausi, inabonyeza, inachapa namba, inasevu kama mtu vile, sababu ile programu ni ya zamani haipokei faili. Aliiandika kijana wetu mmoja kwa lugha ya kompyuta ya Python, na imetuokolea masaa mengi sana.

Asubuhi moja tukakuta risiti 37 hazimo. Hela ya risiti 37 si ya mchezo. Bosi akafungua logi, yaani faili ambalo skripti inaandika ilichofanya na saa, ina mistari miwili tu, imeanza na imemaliza, na ule wa mwisho unasoma 23:14. Daftari la mlinzi linaonesha kijana katoka saa tano na nusu usiku, alibaki kufunga hesabu za mwezi. Basi hapo hapo ikawa kesi, alikuwepo, kazifuta yeye, akaambiwa akae nyumbani kwanza. Mhariri, yule kijana alilia mbele yetu, na ana mke na mtoto mdogo kule Igoma.

Nikaomba nipewe wiki moja. Nikampigia simu, akanielekeza tukaongeza kwenye skripti iandike kila hatua, risiti namba ngapi, dirisha gani liko mbele, saa ngapi mpaka sekunde. Tukaweka na OBS, programu ya kurekodi skrini, ni ya bure, irekodi skrini nzima fremu 5 tu kwa sekunde ili isijaze diski, na saa ya kompyuta ionekane kwenye video. Usiku wa kwanza tulirekodi kwa mp4 (aina ya faili la video), umeme ukakatika, faili likagoma kabisa kufunguka. Tukahamia aina nyingine, mkv, hiyo hata ikikatizwa njiani kilichokwisha kurekodiwa kinabaki.

Usiku wa tatu ikajirudia, na safari hii tukaiona kwa macho. Saa ya skrini inasoma 02:21, kinaruka kidirisha cha apdeti katikati, kinakaa mbele, skripti haina habari, inaendelea kuchapa na kubonyeza Enter na zote zinaishia kwenye kile kidirisha, mwisho inaandika imemaliza. Hakuna iliyosevu. Ila kilichonishtua ni logi, tukio hilo hilo imeliandika 23:21. Masaa 3 kamili nyuma! Ilikua inaandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, wakati sisi Afrika Mashariki tuko mbele masaa 3. Kwa hiyo ile 23:14 iliyomponza ilikua saa nane na dakika 14 usiku, kijana yuko kwake kalala.

Sasa hivi skripti haisubiri tena sekunde 2 na kukisia kwamba dirisha limefunguka, inahakikisha kwanza dirisha la mahesabu ndo liko mbele, lisipokuwepo inapiga picha ya skrini na kusimama. Ikimaliza inahesabu zilizoingia na kulinganisha na za kwenye Excel. Logi inaandika saa za hapa.

Wenye ofisi wenzangu wa Mwanza, mkirekodi skrini jueni inarekodi pia namba za simu za wateja na chochote kitakachoonekana pale, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo hizo video zifungiwe na zifutwe kazi ikiisha. Sisi tunafuta baada ya siku 7. Na anayetaka kumtuhumu mtu kwa kutumia logi, aulize kwanza hiyo saa ni ya wapi.

Kijana amerudi kazini. Ila aliitwa mwizi mbele ya ofisi nzima, na msamaha ameombwa pembeni mlangoni, watu wawili tu. Mi naomba kupitia gazeti lako, waliosema mbele ya watu waombe radhi mbele ya watu hao hao.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza