Tumchangie mweka hazina wetu kabla mbalamwezi haijarudi

Kina mama wa mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, kina baba wa mitumbwi, na nyie wa kwetu mlioko Dar, Mwanza mpaka Bujumbura, habari zenu jamani.

Mweka hazina wa kikundi chetu cha dagaa anaumwa, katuruhusu tuandike ila jina tusiweke. Wa hapa mnamjua, ndo yule aliyekuwa anakumbuka deni la kila mtu bila kufungua daftari, ukimwambia ulishalipa anakutajia siku uliyolipa na kitenge ulichovaa. Sasa mwaka wa tatu huu haji kuanika, usingizi hapati, chakula anakiangalia tu, na kuna siku alitwambia anatamani asiamke, siku hiyo tuliogopa kweli na tangu hapo hatumwachi alale peke yake. Ni sonona. Na wale mnaosema kalogwa kwa sababu ya hela za kikundi, tunawaomba muache, hesabu zake tumezipitia zote na ziko sawa.

Dawa kanywa sana tu, ya kwanza miezi kadhaa, wakambadilishia ya pili, hazikumshika, na ikifika hapo, dawa mbili tofauti kwa kipimo na muda unaotakiwa bila nafuu, ndo madaktari wanaita sonona sugu.

Daktari akamwelezea njia mbili. Kuna ile ya umeme iliyoanzia Roma mwaka 1938, huku tunaita kupigwa shoti na watu wanaiogopa, kumbe siku hizi mgonjwa anapigwa sindano ya usingizi kwanza na misuli inalegezwa, na kwa sonona kali mno ni tiba yenye nguvu sana. Ila inaweza kuondoka na baadhi ya kumbukumbu, na kwa huyu dada yetu kumbukumbu ndo mali yake, alilia pale pale akaomba aanze na hiyo nyingine.

Nyingine ni ya sumaku. Unakaa kwenye kiti uko macho, unawekewa koili kichwani mbele upande wa kushoto, sumaku inawaka na kuzima haraka haraka na kupitia fuvu inaamsha umeme mdogo kwenye sehemu ya ubongo ambayo kwa mwenye sonona mara nyingi inakuwa imezubaa. Hakuna kupasuliwa wala kulazwa. Inagonga tok tok tok kama mtu anagonga debe, wengine kichwa kinauma kidogo, wakimaliza unanyanyuka unaondoka zako. Aliyeonesha kwamba sumaku inaweza kuamsha ubongo hivyo ni Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani waliruhusu mashine ya kwanza ya kutibu sonona mwaka 2008, kwa hiyo sio kitu cha kujaribiwa kwake. Wameshamuuliza kama ana chuma kichwani au kifafa, hana. Sio wote wanaopona na hii, tunasema kabisa mapema asije mtu akadai tulimdanganya, lakini kuna walioinuka baada ya dawa kushindwa na sisi tunataka na yeye apate nafasi hiyo.

Kinachotushinda ni muda. Ni siku tano kila wiki, wiki nne mpaka sita, na hospitali iko Nairobi, basi mpaka Mwanza, uvuke Sirari, huwezi kwenda na kurudi, inabidi apange chumba na binti yake amsindikize, wale, wapande daladala kila asubuhi, na hela ya matibabu yenyewe juu yake. Wanakikundi tumetoa elfu kumi kumi tumefika kama nusu ya bajeti.

Giza ndo hili, dagaa wanapanda, hela ipo mwaloni, mbalamwezi ikirudi wote mnajua hali inavyokuwa. Elfu mbili tunapokea, hata sado ya dagaa tutauza. Mleteeni katibu pale kwenye chanja zetu, walioko mbali tumeni kwenye namba ile ile ya kikundi. Katibu anaandika kwenye karatasi, maana lile daftari hatujamkabidhi mtu, linamsubiri mwenyewe.