Alifia nyanza: ziwani au baharini?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba ushauri wa wasomaji waliowahi kufuatilia habari za askari wa zamani. Ukoo mmoja wa Magu unamtafuta babu yao mzaa baba, aliyeandikishwa jeshini wakati wa Vita ya Pili asirudi. Kauli waliyoachiwa ni fupi: alifia nyanza.

Kazi inaanza kuwa ngumu hapo hapo, kwa kuwa kwa Msukuma nyanza ni maji makubwa, yawe haya ya kwetu au yale ya chumvi. Kuruti wa Mwanza angeweza kupanda meli hapa hadi Kisumu, kisha treni hadi Nairobi. Kabla hajaiona Mombasa alikwishavuka nyanza moja. Anayekimbilia orodha za baharini bila kulipima neno hilo anaweza kupoteza miezi.

Ukiwauliza wazee "alifia wapi?", watarudia lile lile. Afadhali kuwauliza nani aliyeleta habari, mwanangwa (mkuu wa kijiji chini ya mtemi) au askari mwenzake. Mtoto gani wa ukoo alikuwa anaota meno wakati huo. Na kama kuna fedha zilizolipwa bomani, nani alikwenda kuzipokea. Katika ukoo huu, maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya bibi mmoja akumbuke kwamba shemeji yake alikuwa "wa mizinga".

Neno hilo lilitufungulia mlango. Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki kilikuwa ndani ya meli SS Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, jirani na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, wakanusurika 214. Ndiyo maana hakuna kaburi la kutafuta. Kinachotafutwa ni jina, na waliopotea na meli hiyo wanakumbukwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Sasa hilo jina. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Ng' ndiyo iliyomshinda kwanza: Ng'wandu anaweza kuwa Mwandu, Gwandu au Nwandu. L na R hubadilishana, Luhende akawa Ruhende. Aliyebatizwa Yosefu anaweza kuwa Joseph, au Yusufu kama karani alikuwa mtu wa pwani. Tena askari aliulizwa jina lake na la baba yake, na lililoingia kwenye nafasi ya jina la ukoo linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili. Wapo pia walioandikwa kwa jina moja tu.

Kwa hiyo hatukuanza na jina. Kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nafasi ya jina iliachwa wazi, tarehe ya kifo ikawekwa 12 Februari 1944 mwanzo na mwisho, likachaguliwa jeshi la nchi kavu, kisha orodha nzima ikasomwa kwa sauti mbele ya wazee. Kwa sauti, ndiyo: jicho hulipita "Gwandu", sikio la Msukuma husimama. Maelezo ya ziada huwa na jina la baba na kwao, si kwa kila mtu. Hapo usitafute Magu, haikuwa wilaya enzi hizo. Tafuta Mwanza, Kwimba, au jina la utemi kama Nassa au Usmao.

Tumebaki na watu wawili. Majina yanakaribiana, kikosi ni kimoja, wa kwanza hana jina la baba, wa pili analo ila si lile ukoo unalolijua. Wenye ukoo wamekwishampenda wa pili kwa sababu maandishi yake ni marefu. Sisi hatukubali. Baba huyo anaweza kuwa baba mdogo aliyemlea, au baba wa mtu baki kabisa. Namba ya jeshi ingemaliza ubishi, lakini cheti na medali havipo nyumbani.

Njia moja hatujaimaliza. Mjane aliolewa tena kanisani, na padri hamfungishi mjane ndoa bila uthibitisho kwamba mume wa kwanza amefariki. Kwenye vitabu vya ndoa vya parokia kongwe, vilivyoandikwa kwa Kilatini, pembeni ya jina la mwanamke huonekana neno vidua, yaani mjane, na padri mwangalifu huongeza alithibitisha kwa barua gani. Barua ya boma ingebeba namba ile. Kitabu tunachokihitaji kimeliwa na mchwa kwenye kingo, yaani pale pale palipo na maelezo ya pembeni.

Maswali yetu ni haya. Je, kuna aliyewahi kukuta malipo ya wajane wa askari katika mafaili ya Jimbo la Ziwa, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na aliomba faili kwa kichwa gani? Kule London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mfululizo wa mafaili ya Wizara ya Vita uitwao WO 361 unahusu uchunguzi wa wanajeshi waliopotea: je, askari Waafrika wametajwa mmoja mmoja, au kwa idadi tu? Na kama vyote vikishindikana, mmewahi kuwapatanishaje ndugu wenye majina mawili na marehemu mmoja?

Majina tunayahifadhi hadi ukoo uridhie. Tunaharakisha kwa sababu wameanza kuchanga nauli ya Nairobi baada ya mavuno, na hatungependa wakalilie jina la babu wa watu wengine.

Wenu,
Wafuatiliaji wa kumbukumbu za koo, Kirumba, Mwanza