Mbwa hafuati bakuli, anamfuata mtu

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kwamba eti mbwa hana uaminifu wowote, anachojua ni tumbo tu, na ukihama nyumba usijisumbue kuhama naye, muachie wapangaji wanaokuja, wakimtupia chakula siku mbili tatu kashakusahau. Barua yenyewe ilichekesha, sikatai, jamaa anajua kuandika, ila kuna watu wataisoma na kuifanyia kazi kweli, na atakayeumia hana pa kuandika barua.

Kwanza mbwa anapenda kula, hilo halina ubishi, wangu mimi alishakula soksi. Na mtu anayemlisha lazima atampenda, hata mtoto mchanga hivohivo. Mi ninachobisha ni hiyo habari ya kwamba chakula ndo mwanzo na mwisho.

Huyo ndugu kamtaja Hachikō, yule mbwa wa Japani, akasema alikua anaenda stesheni kwa sababu watu walikua wanampa nyama. Hapo ndo kateleza, maana ukiifuata stori yenyewe vizuri inamgeuka. Bwana wake alikua profesa wa chuo kikuu pale Tokyo, Hidesaburō Ueno, na mbwa alikua anampokea stesheni ya Shibuya akitoka kazini. Mei 1925 profesa akafariki ghafla hukohuko kazini, hakurudi. Mbwa akachukuliwa na watu wengine, akatoroka, mwisho akawa analelewa na aliyekua mtunza bustani wa profesa, yaani pa kula anapo, pa kulala anapo, na bado muda wa treni ukikaribia anajitoa anaenda kukaa palepale anaangalia watu wanavyotoka. Sasa kama ni tumbo, si nyumbani lilikua linashiba?

Alafu miaka ile ya mwanzo pale stesheni hapakua na nyama wala huruma, alikua anafukuzwa na kupigwa kama mbwa koko mwingine yeyote. Ukarimu ulikuja baadae, gazeti lilipomwandika mwaka 1932, hapo ndo kila abiria akawa rafiki yake, mwaka 1934 akajengewa sanamu yeye mwenyewe akiwepo, na aliendelea na safari zake mpaka alipokufa Machi 1935, miaka tisa na ushee tangu profesa aondoke. Walipompasua walikuta tumboni vijiti vya nyama ya kuchoma, na wabishi wamevishikilia hivo vijiti mpaka leo kama kielelezo cha mahakamani. Sawa, alikula. Nani angekataa nyama? Lakini ile miaka ya kupigwa alikua anafuata nini, fimbo?

Tuache stori za zamani maana kweli nyingine zimetiwa chumvi. Mwaka 2020 watafiti wa Arizona State University kule Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja nililipenda sana. Walichukua mbwa 60 wa majumbani, wa kawaida kabisa, hakuna aliyefundishwa uokoaji. Mwenye mbwa anaingia ndani ya boksi kubwa lenye mlango mwepesi ambao mbwa akitaka anausukuma, anaanza kupiga kelele za kuomba msaada kama mtu aliyebanwa kweli, ila haruhusiwi kumuita mbwa jina, maana akiitwa jina ataenda kwa sababu ya amri tu. Mbwa 20 wakafungua wakamtoa. Najua mtasema theluthi moja tu, mbona wachache. Subirini. Mbwa walewale wakaoneshwa mtu anadondosha chakula ndani ya boksi lilelile, na waliofungua ni 19! Yaani wengi walikua hawajui tu namna ya kuufungua ule mlango, iwe kwa ajili ya mtu au ya chakula, na ukiwahesabu wale waliojua kuufungua, wengi wao walimtoa mwenyewe. Mtu na chakula vimetoka sare, tena hapo mbwa hajui kama akimtoa mtu atapewa chochote.

Kuna wengine wa Emory University, hao waliwafundisha mbwa kulala wametulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo (hapa nawavulia kofia, wangu mimi hata kukatwa kucha ni vita), wakaangalia ubongo unavyoitika mbwa akijua anakuja kusifiwa na mwenyewe, na unavyoitika akijua inakuja soseji. Matokeo ya 2016, kati ya mbwa 15, kwa 13 sifa za mwenyewe zilikua sawasawa na chakula au zaidi. Wawili tu ndo walikua watu wa soseji. Nadhani ndugu yetu alifuga mmoja wa hao wawili.

Mi mwenyewe nilishasafiri nikamuacha mbwa na jirani anayempenda, anayemjua, chakula kilekile, muda uleule. Jirani ananipigia simu anasema mwenzio hali, bakuli limejaa mpaka sisimizi wamejipanga mstari kutoka ukutani, yeye amelala mlangoni kidevu juu ya kiatu changu cha zamani na kila mlango ukilia anainua sikio moja, akisikia sio mimi analishusha. Akimtolea kiatu anakifuata. Alikuja kula baadae, tena kidogokidogo, na sio kwamba chakula kilibadilika, ni kwamba jirani aliacha kuweka bakuli na kuondoka, akawa anakaa naye pale chini mlangoni anachezea simu yake.

Na hapo ndo namuunga mkono huyo ndugu nusu. Ni kweli mbwa anaweza kumpata mtu mwingine, siwezi kusema kila mbwa ni Hachikō atakaa miaka tisa. Watafiti wa Hungary walishaenda kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, mbwa ambao siku nzima hakuna wa kuwashika, na wakakuta mtu mgeni akikaa na mbwa hata mara tatu tu, kila mara dakika kumi hivi, mbwa anaanza kumuonesha dalili zilezile anazoonesha kwa mwenyewe, kumfuata, kumkimbilia akirudi. Matokeo yao yalitoka 2001. Lakini tofauti yangu na ndugu yetu iko hapa, hao watu hawakua wanatupa mabaki wakaenda zao. Walikaa naye, walimshika, walicheza naye. Kwaiyo ukimuacha mbwa uani kwa wapangaji ambao hata jina lake hawalijui, wenye kumtupia mifupa kwa mbali kwa sababu wanamuogopa, umemuachia bakuli lakini mtu hujamuachia. Ndo unakuta mbwa analia usiku kucha, anachimba chini ya geti, anatoroka anarudi mahali ambapo hakuna mtu, kisha watu wanasema amekua mbwa mkorofi.

Kama kweli huwezi kuhama naye, na maisha yanabana naelewa, basi mtafute mtu kabla ya kutafuta gari la kuhamisha vyombo. Mtu huyo aje nyumbani ukiwepo, sio mara moja, ampeleke mbwa kutembea wewe ukiwa pembeni, kisha ampeleke peke yake. Siku ya kuondoka umpe huyo mtu na shuka au fulana yako uliyoivaa, usiifue, mbwa anaishi kwa pua kuliko sisi tunavyoishi kwa macho. Umwambie anaogopa nini, anapenda kukunwa wapi, anaitwaje na anaitwa kwa sauti gani. Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa umkabidhi mkononi, usimwambie ipo mahali fulani kabatini, maana mbwa asiye na kadi kwenye nyumba mpya akimparua mtoto tu wanamuua siku hiyohiyo bila hata kuuliza.

Nyie wengine mnaopokea nyumba yenye mbwa uani, kabla hamjaingiza godoro muulizeni mwenye nyumba huyo mbwa ni wa nani na simu ya mwenyewe ni ipi. Akianza kujiumauma jueni kuna mtu kasoma ile barua akaiamini.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.