Bango lililojaa si bango lililokamilika

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majalada ya muziki imesifu rangi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ikapita kwa sentensi moja tu na kusema kuwa kuacha nafasi tupu kwenye bango ni uvivu wa mchoraji. Kwa kuwa ninakula kwa kuchora mabango na majalada hayo, naomba nijibu.

Rangi siidharau. Ila mabango mengi niliyoyaona yakishindwa hayakushindwa kwa rangi. Yalishindwa kwa sababu hakuna aliyeamua jicho lianzie wapi. Rasimu ya kwanza huwa na jina moja kubwa, picha moja, tarehe na mahali. Kisha meneja analalamika kuwa jina la msanii wake limefichwa, promota anataka kiingilio kionekane toka mbali, mdhamini naye ana logo yake. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ikifika rasimu ya saba kila kitu ni kikubwa, kwa hiyo hakuna kikubwa. Niliwahi kukabidhi bango lenye majina kumi na moja, yote kwa ukubwa uleule, na mtu wa kwanza kuliona akaniuliza, "Sasa onyesho lenyewe ni lini?" Tarehe ilikuwapo, tena kwa wino mwekundu. Ilimezwa.

Kumpa mmoja nafasi ya mbele si lazima kumkuza. Reid Miles, aliyesanifu majalada mengi ya kampuni ya rekodi za jazi ya Blue Note tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi 1967, mara nyingi alifanya kinyume. Jalada la It's Time! la Jackie McLean limejaa alama za mshangao, na picha ya mpiga saksafoni mwenyewe ni ndogo mno. Lakini utaitafuta hiyo picha, na utaipata, kwa sababu ndiyo pekee isiyofanana na vingine. Kilicho tofauti hutangulia, hata kikiwa kidogo.

Urari, yaani mizani ya vitu kwenye bango, ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Wateja wangu wengi hudhani maana yake ni kuweka kila kitu katikati, kushoto na kulia vilingane kama mbawa za kipepeo. Tazameni bango la tamasha la muziki wa Beethoven alilochora msanifu wa Uswisi, Josef Müller-Brockmann, mwaka 1955 kwa ajili ya ukumbi wa muziki wa Tonhalle, Zürich. Matao meusi, mengine membamba na mengine manene, yanazunguka kwa kasi, na maandishi madogo yametulia kwenye uwazi ambao matao hayo yanauzunguka. Pande zake hazilingani hata kidogo, na bado bango halipinduki. Uwazi ule una uzito wake, ndio unaoyazuia matao yasianguke. Ukiujaza anwani na logo, unabaki na mistari tu. Sasa huo ni uvivu?

Najua nitakumbushwa mabango ya matamasha ya roki aliyochora Wes Wilson wa San Francisco, mwaka 1966, ambayo herufi zake zilivimba kama moto hadi zikawa hazisomeki kwa haraka. Ni kweli, nami nayapenda. Lakini hata pale kuna mpango: umbo zima linakukamata kwanza, ndipo unasogea kusoma. Fujo ile ilipimwa.

Kuna jambo jingine ambalo makala haikuligusa kabisa. Kasha la santuri lilikuwa na upana wa sentimita 31 hivi, na dukani lilisimamishwa nyuma ya mengine, mnunuzi akiyapekua kwa vidole. Ndiyo maana majina mengi yaliwekwa juu, mahali pa kwanza kuonekana. Leo jalada lilelile linatokea kwenye simu likiwa dogo kama ukucha, na jina la wimbo limeshaandikwa kando yake na programu yenyewe. Maandishi madogo hapo ni vumbi. Mimi kila kazi huipunguza hadi ukubwa huo kabla sijaituma, kisha nafumba macho nusu na kuangalia kinachobaki. Kikibaki kitu kimoja, natuma. Vikibaki vitano vinavyogombana, narudi mezani, na mara nyingi narudi pia kwenye simu kubishana na meneja.

Nina ombi moja. Mkiandika tena kuhusu majalada, msiyachape kwa ukubwa wa kurasa mbili peke yake. Kando ya kila moja wekeni na dogo, kwa kipimo cha simu, na muwaache wasomaji waseme wao walichokiona kwanza.

Wenu,
Mchora mabango