Mwanangu, Anza na Mbio

Mwanangu Baraka,

Hujambo? Sisi huku nyumbani wazima. Bibi yako mguu umepata nafuu, na anakuuliza kila jioni kana kwamba uliondoka jana.

Nimesoma habari yako ya mianzi. Kwamba wewe na wenzako mmekata mianzi kule bondeni, mkaianika, na sasa jioni mnarukia kwenye shimo la mchanga la kuruka chini, kwa kuwa mlimwona kwenye simu Armand Duplantis, yule Mswidi anayeruka kwa upondo, ufito mrefu wa kujirushia juu, akipita mita 6.30 pale Tokyo. Sikukatazi kuupenda mchezo huo. Mimi mwenyewe naupenda. Nakukataza jambo moja, nalitanguliza lisije likapotea katikati ya barua: usiruke tena kwa mwanzi na kuangukia mchanga.

Najua utajibu kwamba watu waliruka kwa mianzi zamani. Ni kweli. Mwaka 1942 Mmarekani Cornelius Warmerdam alipita mita 4.77 kwa upondo wa mwanzi, na rekodi yake ilidumu miaka mingi. Lakini wale walijifunza kushuka kwa miguu, kwa sababu chini palikuwa na mchanga au maranda ya mbao. Leo mrukaji anapita juu ya mwamba, ule ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili, kisha anajiachia kwa mgongo, kwa kuwa anajua godoro nene linamsubiri. Ninyi mnauiga mtindo wa godoro huku hamna godoro. Tena mwanzi ukikatika unaacha ncha kali kama kisu, na haukupi onyo. Shingo yako naihitaji.

Sasa hilo limepita, tuzungumze mchezo.

Umeandika kwamba Duplantis, au Mondo kama wanavyomwita, ana bahati kwa kuwa alizaliwa na uwanja nyumbani. Sitabishana nawe. Alizaliwa Novemba 1999 Lafayette, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na nyuma ya nyumba yao palikuwa na njia ya kukimbilia, nguzo na godoro. Baba yake, Greg, aliruka kwa upondo hadi mita 5.80, kimo ambacho wengi waliofanya kazi hii maisha yao yote hawakukifikia. Mama yake, Helena, ni Mswidi wa mji wa Avesta, aliyecheza voliboli na heptathloni, yaani shindano la michezo saba ya riadha, akaenda kusoma Louisiana na huko ndiko alikokutana na Greg. Baba akashika mbinu za kuruka, mama akashika mazoezi ya mwili. Mtoto akaanza kushika upondo akiwa mdogo kuliko wanaoanza darasa la kwanza. Alipofika umri wa kuchagua bendera, mwaka 2015, akachagua ya mama yake, na mwaka huohuo akailetea Uswidi dhahabu ya dunia ya vijana mjini Cali, Colombia.

Lakini usiishie kwenye uwanja. Godoro lile lile waliliruka ndugu zake pia. Kaka yake Antoine aliliacha akaenda kwenye besiboli, na wazazi hawakumfungia njia. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi Greg na Helena. Walitandika godoro, wakaacha kila mtoto aseme mwenyewe anataka nini. Ndiyo maana na mimi nakuandikia kurasa zote hizi badala ya kumpigia mwalimu wako aichome hiyo mianzi.

Chukua daftari lako la fizikia, kuna hesabu nataka tuifanye pamoja. Mtu akikimbia mita 10 kwa sekunde, na nishati mwendo yake yote ikageuzwa kuwa kimo, atapanda kiasi gani? Mwendo wake unauzidisha kwa wenyewe, unagawanya kwa mara mbili ya mvutano wa dunia: 100 gawanya kwa 19.6. Jibu ni mita 5.1. Angalia kwamba kilo zake hazimo kwenye hesabu. Zimekatana pande zote mbili. Kitovu cha uzito cha mtu aliyesimama kiko kama mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo tumeshafika mita 6.1 kabla ya kuhesabu kazi yoyote ya mikono. Kilichobaki ni mabega, tumbo na mgongo: anavyojivuta, anavyojigeuza miguu juu kichwa chini, anavyousukuma upondo mara ya mwisho kabla ya kuuachia. Na hapo ukumbuke kwamba nishati nyingine hupotea pale ncha ya upondo inapoingia kwenye kile kisanduku kilichofukiwa mwisho wa njia. Mwili unalazimika kuifidia.

Umeona upondo umechangia nini? Haukumwongezea nguvu yake wenyewe. Upondo wa leo, wa nyuzi za kioo na kaboni, wenye urefu wa zaidi ya mita 5, unapinda, unaitunza ile nishati aliyokuja nayo, halafu unamrudishia ikielekea juu. Akija polepole, hana cha kutunziwa. Kwa hiyo siri kubwa ya mtu huyu iko kwenye njia ya kukimbilia, sehemu ambayo kwenye video zenu mnairuka ili muwahi kuona mwamba.

Mwaka 2024, mwezi Septemba, alishindana mbio za mita 100 na Karsten Warholm, Mnorwei mwenye rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi. Walikuwa wawili tu, mjini Zurich. Duplantis alimaliza kwa sekunde 10.37 na Warholm 10.47. Fikiria: mrukaji wa upondo anamwacha mkimbiaji wa rekodi ya dunia kwenye mbio tupu. Niliporudia kuitazama mara ya pili ndipo nilipoelewa kwa nini wenzake wanaruka vizuri sana na bado hawamfikii.

Na mbio hazihitaji godoro, Baraka. Hazihitaji upondo wa kuagizwa ng'ambo.

Sasa nije kwenye lile lililokuumiza. Umesema kwenye mashindano ya wilaya uliruka juu vizuri, halafu mwamba ulipopandishwa ukauangusha mara tatu, na ukatoka uwanjani ukiwa umeinamisha kichwa ingawa ulishika nafasi ya pili. Mwanangu, hiyo ndiyo kanuni ya michezo ya mwamba. Wa mwisho anaondoka akiwa amekosa, na wa kwanza naye mara nyingi anaondoka akiwa amekosa, kwa sababu akishashinda anaendelea kupandisha hadi mwamba umkatae mara tatu mfululizo. Mkimbiaji akishinda, kitendo chake cha mwisho ni kushinda. Mrukaji akishinda, kitendo chake cha mwisho kwa kawaida ni kuangusha mwamba. Mtu anayependa mchezo huu lazima azoee kwenda nyumbani hivyo.

Mtazame Duplantis kwa jicho hilo. Agosti 2018, akiwa na miaka 18, alishinda ubingwa wa Ulaya Berlin kwa mita 6.05, na dunia nzima ikaamini kazi imekwisha. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia Doha, yeye na Mmarekani Sam Kendricks walipita kimo kilekile cha 5.97, na dhahabu ikaenda kwa Kendricks kwa hesabu ya makosa tu. Februari 2020 akaweka mwamba kwenye 6.17 mjini Düsseldorf, akakosa. Siku nne baadaye, Toruń, Poland, akaupita, na ile rekodi ya 6.16 ya Mfaransa Renaud Lavillenie ikaanguka. Wiki moja tena, Glasgow, 6.18.

Halafu ikaja ile miaka miwili. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ninayotaka uijue kuliko medali zote. Kuanzia Glasgow, Februari 2020, hadi Machi 2022 hakuongeza sentimita hata moja juu ya 6.18. Wala hakuwa ameporomoka. Septemba 2020 aliruka 6.15 pale Roma, katika uwanja usio na watazamaji kwa sababu ya korona, akapita kimo cha 6.14 ambacho Mwukraine Sergey Bubka alikiweka mwaka 1994, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote katika uwanja wa wazi, kwa kuwa ile 6.18 aliiruka ndani ya ukumbi. Agosti 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo kwa 6.02. Alikuwa bora kuliko wote, na bado kila alipopandisha mwamba hadi 6.19, mji baada ya mji, mwamba ulianguka. Hata siku ile ya dhahabu ya Olimpiki, ushindi ukiwa wake tayari, aliomba 6.19 akakosa mara tatu. Picha za siku hiyo zinamwonesha na medali, lakini kitendo chake cha mwisho uwanjani kilikuwa kama chako kwenye mashindano ya wilaya.

Sentimita moja, Baraka. Upana wa kucha ya kidole chako.

Ilipatikana Belgrade, Machi 2022. Wiki mbili hazijaisha, katika mji huohuo, akapita 6.20 na kuwa bingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi. Baada ya hapo ikawa kama bwawa lililobomoka: 6.21 Eugene, 6.22 Clermont-Ferrand, 6.23 Eugene tena, 6.24 Xiamen, 6.25 kwenye Olimpiki ya Paris kwa jaribio la tatu na la mwisho, 6.26 Poland wiki tatu baadaye, 6.27 Clermont-Ferrand. Juni 2025 akaipita 6.28 Stockholm, ndani ya uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912, na hiyo ndiyo rekodi yake ya dunia ya kwanza katika ardhi ya mama yake. Nikiambiwa nichague mruko mmoja wa kuuona kwa macho yangu, ningechagua huo. Budapest ikafuata, 6.29, na hatimaye ile 6.30 mliyoiona ninyi Septemba 2025, nayo kwa jaribio la tatu.

Rafiki yako anasema huo ni ujanja, kupandisha sentimita moja moja ili zawadi ya rekodi ilipwe mara nyingi. Zawadi ipo, na Bubka naye alipanda hivyohivyo, akavunja rekodi za dunia mara 35, nje na ndani. Mimi sioni ujanja. Kila sentimita alilazimika kuiruka, mbele ya watu, kwa kukimbia upya kutoka mwanzo wa njia. Hadi siku ile ya Tokyo zilikuwa rekodi 14 kwa miaka mitano na ushee, na hakuna hata moja aliyopewa kwa sababu ya ile iliyotangulia.

Kuna jambo moja la Clermont-Ferrand ambalo sitaki likupite. Yale mashindano yanaandaliwa na Lavillenie, yule yule aliyevuliwa rekodi. Duplantis alipokuwa mtoto, Lavillenie alikuwa shujaa wake. Na Lavillenie naye alivunja rekodi ya Bubka mwaka 2014 mjini Donetsk, kwenye mashindano ya Bubka mwenyewe, Bubka akitazama. Mtu anakuandalia uwanja ambao humo utampita. Ninapenda sana hilo.

Na siku ile ya 6.30, tarehe 15 Septemba, uliangalia asubuhi yake? Uwanja uleule wa Tokyo, Alphonce Simbu wetu alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, akamshinda kwa kifua, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Sasa rudi nyuma hadi London 2017: Simbu alipata shaba, na Duplantis, mtoto wa miaka 17, alishika nafasi ya tisa. Miaka minane baadaye wakawa mabingwa siku moja, mmoja asubuhi, mwingine usiku. Simbu hakukulia penye godoro nyuma ya nyumba.

Basi tufanye hivi. Mianzi mpeni fundi wa shule aijengee uzio wa bustani. Wewe endelea na kuruka juu, na mara tatu kwa wiki ukimbie mita 30 kwa kasi yako yote, upumzike vya kutosha, urudie. Mwombe mwalimu wa michezo akupimie muda na uuandike. Likizo ukija tutautafuta uwanja wenye godoro la kweli, na kama kuna kocha anayejua upondo nitampata, nimeshaanza kuulizia. Viatu vyako vya miiba nimevipeleka kwa fundi, vitakuja na mjomba wako mwisho wa mwezi pamoja na karanga.

Katika jibu lako niambie mambo mawili: mita 30 unazikimbia kwa sekunde ngapi, na unapokaribia mwamba unarukia mguu gani. Baba yako anasema wa kushoto, mimi nakumbuka wa kulia.

Mama yako