Pimeni chaja zilizo dukani, si sampuli

Ndugu Mhariri,

Mzee mmoja jirani yangu aliniletea redio yake mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Ni msikilizaji wa masafa ya kati, na lalamiko lilikuwa lile lile: ikifika saa mbili usiku, taarifa ya habari inamezwa na mngurumo kama wa nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mara zote mbili niliiwasha hapa bandani kwangu, ikaongea vizuri. Mara ya tatu nikamfuata nyumbani. Tukatia betri kwenye redio, nikazima meni swichi. Mtangazaji akasikika kama yuko sebuleni. Nikawasha tena, nikaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja, na mchawi akajulikana: chaja ya simu aliyonunua mjukuu, imechomekwa chumba cha pili.

“Fundi, kwa hiyo redio yangu ilikuwa nzima siku zote?”

“Nzima, mzee wangu.”

Nilimwomba ile chaja, nikaifungua. Chaja za siku hizi hazina ile transfoma nzito ya zamani. Zinakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Nyingi hufanya kazi karibu na kilohezi 65, na kila kukata kunaacha makombo ya kelele kwenye masafa ya juu yake, 130, 195, 260, hivyo hivyo mpaka kwenye megahezi. Dawa yake ni ndogo. Pale umeme unapoingilia huwekwa koili ya nyaya mbili zilizozungushwa kwenye pete moja, na kapasita kati ya laini na nyutro, ili kelele ikwame humo isirudi ukutani. Kwenye bodi ya chaja hii nafasi zao zilikuwepo, zimeandikwa kwa wino mweupe L1 na CX1. CX1 ilikuwa matundu mawili matupu. Pale pa L1 walilaza vipande viwili vya waya, wakavilehemu kwa risasi, kazi ikaisha.

Nilipokwenda kwa muuzaji hakunikwepa. Alinionyesha kwenye simu yake ripoti ya maabara ya ng'ambo, kurasa nyingi, chaja imefaulu kipimo cha kelele. Niliisoma mpaka nikafika kwenye picha za ndani, maana ripoti za namna hii huwa nazo. Koili ipo, imekaa juu ya L1. Kapasita ya njano ipo. Sina sababu ya kusema ripoti ile ni ya kughushi. Ni ripoti ya kweli, ya chaja nyingine.

Ndiyo maana nakuandikia. Kila tukilalamika juu ya bidhaa hafifu tunaambiwa zina cheti. Cheti kinatokana na sampuli, na sampuli huchaguliwa na yule yule anayetaka ifaulu. Baada ya hapo kiwanda kinang'oa koili, kinaokoa visenti, na karatasi inaendelea kusafiri na kila kontena. Kamati ya kimataifa ya CISPR, iliyoanza mwaka 1934 kwa ajili ya hii hii kero ya redio, inalijua jambo hili: viwango vyake vimejengwa juu ya kanuni kwamba angalau asilimia 80 ya bidhaa zinazotoka kiwandani ziwe ndani ya kikomo, kwa uhakika wa asilimia 80. Chaja moja iliyopakwa manukato haiwezi kusemea zote.

Wapo watakaosema kupima kelele ya chaja za dukani ni gharama, tusubiri. Si kweli kwa kipimo hiki. Kelele ya chini ya megahezi 30 hupimwa kwenye waya wa umeme wenyewe, haihitaji kile chumba kikubwa cha maabara chenye kuta za miiba ya kumeza mawimbi. Wimbi la kilohezi 150 lina urefu wa kilomita 2. Chaja yenyewe ni ndogo mno kulirusha, nyaya za nyumba ndizo zinazogeuka antena. Kwa hiyo kati ya soketi na chaja huwekwa kisanduku ambacho watu wa maabara hukiita LISN. Kinazuia takataka za umeme wa mtaani zisiingie kwenye hesabu, na kinaikabidhi kelele ya chaja ukinzani ule ule wa omu 50, ili jibu la Nairobi lilingane na la Berlin. Meza ya mbao ya sentimita 80, bati la chuma sentimita 40 nyuma yake, mashine ya kusoma kelele, na kupima laini na nyutro zote mbili. (Kijana anayetaka kujaribu bandani aangalie: kisanduku hicho kinavujisha umeme mwingi kwenda ethi. Bila ethi iliyofungwa vizuri, gamba lake la chuma litakurusha.)

Kikomo cha CISPR 32, kiwango cha kamati ile ile, kwa vifaa vya nyumbani huanzia desibeli 66 juu ya mikrovolti 1 kwenye kilohezi 150, kikashuka hadi 56 kwenye kilohezi 500. Hiyo 66 ni kama milivolti 2, kwenye waya wenye volti 230! Ni kidogo sana, ndiyo maana koili ikikosekana hakuna ujanja. Na chaja ipimwe ikiwa inabeba mzigo wake kamili, si ikiwa imechomekwa tu bila simu.

Ninachoomba ni wenye dhamana ya viwango wanunue chaja na taa za LED dukani kama mteja mwingine yeyote, bila kumtaarifu mtu, wazipeleke kwenye kipimo hiki. Na kabla hata ya mashine, wazifungue, walinganishe bodi na picha zilizo kwenye ripoti iliyowasilishwa. Hiyo ni kazi ya bisibisi na macho. Najua watu wanatafuta cha bei nafuu, hata mimi natafuta. Lakini mjukuu alilipia chaja, na babu akalipia nauli ya kuniletea redio nzima mara mbili.

Chaja nyingine mjukuu hajapata. Kwa sasa simu inachajiwa baada ya taarifa ya habari.

Fundi redio,
Mwanza